Hadhrat Bilal r.a. na Mizani ya Kupimia Watu

Ndugu msomaji, kabla hujaendelea na makala haya, jiulize swali moja. Anapokuja mlangoni pako mtu usiyemjua, ni kitu gani kinachokufanya umkaribishe kitini au umwache asimame? Je, ni nguo zake, rangi yake, kabila lake, au jina la baba yake? Mara nyingi mtu hudhani kwamba anawahukumu wenzake kwa akili yake mwenyewe, kumbe anatumia mizani aliyorithi kwa wazee wake bila ya kuikagua hata siku moja. Maisha ya Hadhrat Bilal r.a. yanatuonyesha mizani hiyo waziwazi.

Hadhrat Bilal bin Rabah alizaliwa Makka mwishoni mwa karne ya 6. Mama yake, Hamama, alikuwa mtumwa mwenye asili ya Uhabeshi. Katika Makka ya siku zile, mwenye kabila alikuwa na watu wa kumtetea na kumlipia kisasi. Asiyekuwa nalo aliweza kupigwa hata kufa, na asitokee wa kuuliza. Bilal hakuwa na kabila, rangi yake ilikuwa nyeusi, na yeye mwenyewe alihesabiwa kuwa mali. Hivyo katika mizani ya Makureshi alikuwa mwepesi mara tatu. Bwana wake, Umayya bin Khalaf, aliyekuwa miongoni mwa wakuu wa mji, hakuona kwake ila mikono ya kufanyia kazi.

Mtume Muhammad s.a.w. alipotangaza Umoja wa Mwenyezi Mungu, Bilal alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa kuamini. Umayya alighadhibika mno. Alimtoa nje wakati wa adhuhuri, akamlaza chali juu ya mchanga wa moto, akaamuru jiwe kubwa liwekwe kifuani pake, akamtaka amkane Mtume s.a.w. na kuwaabudu Lat na Uzza. Bilal hakumjibu ila kwa kukariri kwamba Mungu ni Mmoja.

Hadhrat Abu Bakr r.a. aliyaona mateso hayo, akamnunua Bilal na kumwacha huru. Imesimuliwa kwamba baada ya mapatano, Umayya alimdhihaki mnunuzi kwa kusema kuwa hata kwa wakia moja tu angalimwuza. Naye Hadhrat Abu Bakr akamjibu kwamba hata kama angalidaiwa wakia mia moja, angalizilipa. Tafakari, ndugu yangu. Mtu alikuwa yule yule na saa ilikuwa ile ile, lakini bei zilikuwa mbili. Tofauti ilikuwamo machoni mwa waliomtazama.

Baada ya Hijra ya mwaka 622, Waislamu wa Madina walihitaji njia ya kuitana kwa ajili ya Sala. Sahaba mmoja wa Kiansari, Abdullah bin Zaid r.a., aliota ndoto akafundishwa maneno ya adhana. Pengine ungalidhani kwamba aliyeota ndiye angalipewa heshima ya kuadhini. Lakini Mtume s.a.w. alimwagiza amfundishe Bilal maneno yale, kwani sauti ya Bilal ilikuwa nzuri zaidi na yenye kufika mbali. Nasaba haikuulizwa, iliangaliwa kazi na anayeiweza.

Hata hivyo, usidhani kwamba mizani ya zamani huvunjika siku ile ile mtu anaposilimu. Hadhrat Abu Dharr r.a., sahaba mkubwa na mcha Mungu, siku moja aligombana na mtu akamtukana kwa kumwaibisha kwa ajili ya mama yake. Wanachuoni wengi wamesema kuwa mtu huyo alikuwa Bilal. Mtume s.a.w. alimkemea na kumweleza kwamba bado ndani yake mna ujahili. Akafundisha kuwa watumishi ni ndugu, walishwe anachokula bwana wao na wavishwe anachovaa. Abu Dharr hakujitetea. Miaka mingi baadaye alionekana huko Rabadha amevaa nguo sawa na ya mtumwa wake, na alipoulizwa sababu, alisimulia kosa lake hilo bila ya kuficha.

Mwaka 630 Makka ilifunguliwa. Umayya alikuwa amekwisha uawa katika vita vya Badr mwaka 624. Mtume s.a.w. alimwamuru Bilal apande juu ya Al-Kaaba na kuadhini. Baadhi ya wakuu wa Makureshi hawakustahimili. Mmoja alimfananisha na kunguru mweusi. Mwingine, Attab bin Asid, alishukuru kwamba baba yake amekufa kabla ya kuyaona hayo. Baadhi ya wafasiri wameeleza kuwa hapo ndipo iliposhuka Aya ya Sura Hujurat inayofundisha kwamba mbora mbele ya Mwenyezi Mungu ni mcha Mungu zaidi. Lakini angalia pia jambo hili: Attab huyo huyo alisilimu, na Mtume s.a.w. akamfanya kuwa liwali wa Makka. Aliyemdharau mwenzake hakufungiwa mlango wa kubadilika.

Katika Ukhalifa wa Hadhrat Umar r.a., ulioanza mwaka 634, mabwana wa Kikureshi walikuja mlangoni kwa Khalifa. Bilal na Suhaib wakaitwa ndani kwanza, na Abu Sufyan akabaki nje akinung'unika. Suhail bin Amr, aliyekuwa miongoni mwa waliongoja, akawaambia wenzake wajikasirikie wenyewe, kwani wote waliitwa katika Islam pamoja, wale wakaharakisha, na wao wakakawia.

Hadhrat Bilal alifariki katika nchi ya Sham karibu na mwaka 640. Hadhrat Umar, aliyekuwa Mkureshi wa ukoo bora, alizoea kumwita bwana wetu.

Ndugu msomaji, sisi wa Afrika Mashariki tunazijua vizuri habari hizi. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini kufunga soko ni kazi ya siku moja, na kuvunja mizani iliyomo moyoni ni kazi ya umri mzima. Ikiwa bado unamwuliza mtu kabila lake kabla ya kumpa binti yako, au unamsikiliza tajiri akikosea na kumnyamazisha maskini akisema kweli, basi jua kwamba mizani ya Umayya ingali mikononi mwako. Abu Dharr aliambiwa hivyo akaitupa. Nasi Mwenyezi Mungu atuwezeshe kuitupa. Amin.