Keynes na Mishahara ya Walimu

Kila niambiwapo kuwa Hazina haina fedha za kuajiri walimu, mimi humkumbuka John Maynard Keynes. Mtaalamu huyu wa uchumi alizaliwa Cambridge, Uingereza, mwaka wa 1883, akasomea hisabati kwanza. Katika Vita Vikuu vya Kwanza alitumikia Hazina ya nchi yake, akajiuzulu mwaka wa 1919 kwa kuchukizwa na fidia nzito waliyotwikwa Wajerumani.

Mwaka wa 1925 Winston Churchill, aliyekuwa Waziri wa Fedha, aliirejesha pauni katika thamani yake ya dhahabu ya kabla ya vita, yaani dola 4.86. Keynes alipinga. Pauni ikiwa ghali, makaa ya Uingereza yangekosa wanunuzi ng'ambo, na pengo lingezibwa kwa ujira wa mchimba migodi. Mwaka uliofuata wachimba migodi wakawa katika mgogoro wa miezi mingi.

Lakini kisa cha 1931 ndicho nipendacho kuwasimulia wanafunzi. Dhahabu ilikuwa ikitoroka London, nao wenye mabenki wa New York walitaka kuona matumizi yakipunguzwa kabla ya kukopesha. Mwezi wa Agosti baraza la mawaziri la Ramsay MacDonald likavunjika, mawaziri wakizozana juu ya kupunguza posho ya wasio na kazi. Serikali mpya ikawapangia walimu makato ya asilimia 15, baadaye yakashushwa hadi 10. Tarehe 21 Septemba pauni ikaachana na dhahabu hata hivyo! Makato yakabaki.

Waliotetea makato hayo waliifananisha serikali na mwenye nyumba anayebana matumizi. Keynes, hasa katika kitabu chake cha 1936, alieleza kuwa matumizi ya huyu ndiyo mapato ya yule: mwalimu akikatwa mshahara, muuza viatu naye hukosa mteja, na kodi hupungua. Sisemi kwamba dawa yake yafaa kila mahali. Nchi yenye deni la dola haiwezi kujichapishia dola.

Hilo nalo alilitambua. Huko Bretton Woods, mwaka wa 1944, Shirika la Fedha la Kimataifa lilipobuniwa, alikuwa ametaka mataifa yanayodai nayo yabebe sehemu ya mzigo wa kusawazisha biashara, si wadaiwa peke yao. Marekani, mdai mkuu wa wakati huo, ilikataa. Machi 1946, katika mkutano wa Savannah, aliomba angalau makao ya Shirika yawe New York, mbali na wanasiasa. Yakapelekwa Washington. Keynes alirudi kwao akiwa mgonjwa wa moyo, akafariki tarehe 21 Aprili mwaka huo, akiwa na umri wa miaka 62.