Ronald Ngala na Mwisho wa Majimbo ya Kenya

Tarehe 31 Desemba 1963 Shirikisho la Rhodesia na Nyasaland lilivunjwa rasmi, na wananchi wa nchi ambayo sasa ni Malawi wakaondokana na mamlaka ya Salisbury waliyoyapinga kwa miaka kumi. Siku 19 kabla ya hapo Kenya ilikuwa imejipatia uhuru, ikiwa na katiba iliyoigawa nchi katika majimbo saba, mbali na eneo la Nairobi. Huku watu walikuwa wakitoka katika shirikisho. Kule walikuwa wakiingia katika jambo lililofanana nalo. Lakini majimbo ya Kenya hayakudumu. Katika mwaka mmoja tu Serikali Kuu ilikuwa imeshika hatamu zote, na mtu aliyeyapigania kuliko wengine ndiye aliyetangaza mwisho wa mapambano hayo. Mtu huyo ni marehemu Ronald Gideon Ngala.

Ngala alizaliwa mwaka 1923 katika pwani ya Kenya, miongoni mwa Wagiriama. Alisoma katika shule ya Alliance na baadaye Makerere, kisha akawa mwalimu. Mwaka 1957 Waafrika wa Kenya waliporuhusiwa kwa mara ya kwanza kuchagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria, Ngala alikuwa mmoja wa wanane waliochaguliwa.

Mwaka 1960 vilizaliwa vyama viwili vikubwa. KANU kilipata nguvu hasa kwa Wakikuyu na Wajaluo. Ngala na wenzake, akiwemo Daniel arap Moi na Masinde Muliro, waliunda KADU ili kuwatetea watu wa makabila madogo, waliohofu kwamba uhuru ungewaletea mabwana wapya na kuwanyang'anya ardhi yao. Baada ya uchaguzi wa 1961, KANU kilikataa kuunda serikali kabla Jomo Kenyatta hajaachiliwa kutoka kizuizini, na hivyo Ngala akawa kiongozi wa shughuli za serikali.

Ilikuwa katika mikutano ya London ya 1962 ndipo KADU kilipopata kilichokuwa kikikidai. Kila jimbo lingekuwa na Baraza lake na Rais wake. Seneti ya wajumbe 41 ingelinda haki za majimbo, na vifungu vikuu visingebadilishwa bila kuungwa mkono na asilimia 90 ya Seneti hiyo. KANU kilikubali shingo upande. Wapinzani wa mpango huo walisema kuwa ulikuwa hila ya walowezi ya kuidhoofisha nchi changa, na ni kweli kwamba walowezi wengi waliupenda. Hata hivyo hofu ya wanyonge haikuwa ya kubuniwa.

Uchaguzi wa Mei 1963 ulikipa KANU ushindi mkubwa. KADU kilibaki na majimbo matatu: Pwani, Bonde la Ufa na Magharibi. Ngala akawa Rais wa Jimbo la Pwani, na wakati huohuo kiongozi wa upinzani Bungeni. Toka siku hiyo swali likawa moja: je, karatasi iliyotiwa saini London ingeweza kusimama dhidi ya serikali isiyoipenda?

Jambo la kwanza kushindaniwa lilikuwa polisi. Ulinzi wa nchi ulikuwa mikononi mwa Serikali Kuu, lakini kila jimbo lilipewa kikosi chake ndani ya Jeshi la Polisi. Askari yeyote anafahamu ugumu wa kutumikia wakubwa wawili. Katika mkutano wa London wa Septemba na Oktoba 1963, KANU kilidai mamlaka ya polisi na ya utumishi wa serikali yarejeshwe katikati, na Uingereza ikaafiki mengi ya madai hayo. Baadhi ya viongozi wa KADU walitishia kuigawa nchi. Wasomaji wetu waliotoka Kongo wanajua maana ya tishio kama hilo, kwa kuwa Katanga, iliyojitenga Julai 1960, ilikuwa imerudishwa kwa mtutu wa bunduki Januari mwaka uleule wa 1963. Ngala hakuifuata njia hiyo.

Jambo la pili lilikuwa fedha na watumishi. Baada ya uhuru Serikali Kuu ilichelewesha kuyakabidhi majimbo kazi zake, na mfuko ukabaki Nairobi. Rais wa Jimbo alikuwa na cheo na baraza, lakini hakuwa na hazina ya kujitegemea wala makarani wa kutekeleza amri zake. Wabunge wa KADU walianza kuhamia KANU mmoja mmoja, na serikali ikajiandaa kuitisha kura ya maoni iwapo Seneti ingekataa mabadiliko ya katiba.

Tarehe 10 Novemba 1964 Ngala alitangaza Bungeni kwamba KADU kimevunjwa na kwamba wabunge wake wanajiunga na serikali. Alikuwa na wafuasi ambao wangeweza kuchochewa, lakini hakuwaita barabarani. Tarehe 12 Desemba Kenya ikawa Jamhuri. Moi akapewa Wizara ya Mambo ya Ndani, na hivyo mtu aliyekuwa Rais wa Jimbo la Bonde la Ufa akawa waziri katika Serikali Kuu. Majimbo yakageuzwa mikoa chini ya wakuu waliowajibika kwa Rais, na mwisho wa 1966 Seneti nayo ikafutwa.

Ngala aliingia katika Baraza la Mawaziri mwaka 1966. Alifariki tarehe 25 Desemba 1972 kutokana na ajali ya gari, hajatimiza miaka 50.

Wapo waliomlaumu kwamba aliwasalimisha watu wake, na wapo waliomsifu kwamba aliiepusha nchi na damu. Kila upande una hoja. Serikali Kuu ilipata amri moja, polisi mmoja na hazina moja, na nchi haikumeguka. Lakini hofu iliyozaa majimbo haikufa pamoja na KADU. Malalamiko ya ardhi na ya kusahauliwa yaliendelea, Pwani na kwingineko, hadi katiba ya 2010 ikaunda kaunti 47 na kuirejesha Seneti. Safari hii polisi walibaki chombo cha taifa zima, na kaunti zikawekewa ndani ya katiba fungu lisilopungua asilimia 15 ya mapato ya taifa. Ngala alikuwa amepewa jimbo bila mfuko, na jimbo lisilo na mfuko halikuhitaji kikosi cha jeshi kulibomoa.