Herzl, mwandishi aliyekaribia kupewa Uasin Gishu

Malori yanayotoka Mombasa kwenda Malaba hupita Eldoret, katikati ya mashamba ya mahindi na ngano ya Uasin Gishu. Wengi wanaosimama hapo kupata chakula hawajui kwamba mwaka 1903 ardhi hiyo ilizungumzwa London kuwa makao ya Wayahudi. Mtu aliyekuwa akizungumza na Waingereza ni Theodor Herzl, na ukitaka kuelewa mgogoro wa Waisraeli na Wapalestina ulikoanzia, maisha yake ni mlango mzuri wa kuingilia.

Herzl alizaliwa Budapest mwaka 1860. Alisomea sheria Vienna, lakini kalamu ndiyo iliyomlisha. Akiwa mwandishi wa gazeti mjini Paris aliripoti kesi ya Kapteni Dreyfus, ofisa Myahudi aliyesingiziwa kuuza siri za jeshi la Ufaransa. Chuki dhidi ya Wayahudi ilikuwa inapanda Ulaya nzima, na mwaka 1896 Herzl alitoa kitabu akisema dawa ni Wayahudi kuwa na dola yao. Alitaja Palestina, na pia Argentina. Mwaka uliofuata aliitisha kongamano la kwanza la Wazayuni mjini Basel, Uswisi.

Kuanzia hapo alikuwa mtu wa kubisha hodi kwa wakubwa. Alionana na mfalme wa Ujerumani. Mwaka 1901 alionana na Sultani Abdul Hamid, aliyekuwa akitawala Palestina, akaahidi msaada wa kulipa madeni ya dola yake. Sultani hakukubali kutoa nchi.

Hodi moja tu hakuipiga, ya wenyeji. Nao walikuwa wengi mno, Waarabu Waislamu na Wakristo, wakulima na wafanyabiashara. Mmoja wao, Yusuf al-Khalidi, aliyewahi kuwa meya wa Jerusalem, alituma barua mwaka 1899. Alikiri kwamba Wayahudi wana historia katika nchi ile, lakini akaonya kwamba ina watu wake, akasihi Palestina iachwe. Herzl alimjibu kwa upole kwamba wageni wangeleta utajiri utakaowanufaisha wote. Kwa maoni yangu, jibu hilo lilikwepa swali.

Mwaka 1903 Wayahudi waliuawa Kishinev, katika himaya ya Urusi, na Herzl akaona hakuna muda wa kungoja. Waziri wa Makoloni wa Uingereza, Joseph Chamberlain, alikuwa amesafiri kwa reli yetu mwishoni mwa 1902, na ndiye aliyeleta wazo la Afrika Mashariki. Mpango ukaitwa wa Uganda, ingawa mwaka 1902 mpaka ulikuwa umesogezwa na Uasin Gishu kuwa upande wa Kenya ya leo. Wanandi na Wamaasai waliochunga huko hawakuulizwa. Waliopiga kelele zikasikika ni walowezi Wazungu, wakiongozwa na Lord Delamere.

Herzl alipeleka pendekezo Basel kama hifadhi ya muda. Kura 295 zilikubali watu watumwe kukagua, 178 zikakataa. Wajumbe kutoka Urusi, ambao ndugu zao ndio waliokuwa wakiuawa, walitoka ukumbini wakilia. Kwao hakukuwa na badala ya Palestina.

Moyo wake ulikuwa mgonjwa tayari. Alifariki Julai 1904 akiwa na miaka 44, kabla wakaguzi hawajafika Uasin Gishu. Kongamano la 1905 likaukataa mpango, na harakati ikaelekea Palestina peke yake. Arthur Balfour, aliyekuwa waziri mkuu wa Uingereza mpango huo ulipotolewa, ndiye aliyetia saini tamko la 1917 la kuunga mkono makao ya Wayahudi Palestina.

Israeli ilitangazwa 1948. Katika vita vilivyoizunguka siku hiyo, Wapalestina wapatao 700,000 walipoteza makwao. Mwaka 1949 mabaki ya Herzl yalitolewa Vienna na kuzikwa Jerusalem, mji aliowahi kuuongoza al-Khalidi.