Maisha ya John Akii-Bua: Simulizi Lisiloishia kwenye Medali

Katika mazoezi ya kufundisha kwenye shule za msingi za Mtendeni, hapa Tabora, tumezoea kuwaona wanachuo wetu wakisimulia maisha ya watu mashuhuri kwa mtindo mmoja. Mtu huzaliwa, hujitahidi, hushinda, kisha kengele hulia. Siku moja mtoto wa darasa la sita aliinua mkono akauliza mshindi huyo aliishije baada ya kushinda, na mwalimu mwanafunzi akakosa jibu. Aliyekuwa akisimuliwa ni John Akii-Bua, mkimbiaji wa Uganda. Swali la mtoto yule lilikuwa la haki. Kwa hiyo tunayaeleza hapa maisha hayo hadi mwisho wake, pamoja na namna yanavyoweza kufundishwa.

Akii-Bua alizaliwa tarehe 3 Desemba 1949 katika nchi ya Walango, kaskazini mwa Uganda. Baba yake alikuwa chifu mwenye wake kadhaa na watoto zaidi ya 40. Kama watoto wengi wa wafugaji, alikua akichunga ng'ombe. Alipokuwa kijana alijiunga na jeshi la polisi, na huko ndiko kipaji chake cha riadha kilikotambuliwa. Kwanza alikuwa mrukaji viunzi wa meta 110. Malcolm Arnold, Mwingereza aliyekuwa mwalimu wa riadha wa taifa la Uganda tangu 1968, alimshauri ahamie meta 400.

Mbio hizo zinahitaji maelezo, na maelezo yenyewe ni somo la hesabu. Mkimbiaji huuzunguka uwanja mara moja na kuruka viunzi 10. Kutoka mwanzo hadi kiunzi cha kwanza ni meta 45. Baina ya kiunzi na kiunzi ni meta 35. Na kutoka kiunzi cha mwisho hadi utepe ni meta 40. Watoto wajumlishe wenyewe, wakikumbuka kwamba viunzi 10 vina nafasi 9 baina yake. Watapata meta 400 kamili.

Uganda haikuwa na viwanja vingi vya kisasa. Akii-Bua alifanya mazoezi kwa kupanda vilima akiwa amevaa kizibao kilichotiwa uzito, na kwa kuruka viunzi virefu kuliko vile vya mashindano. Alijizoeza pia kuruka kwa kutanguliza mguu wowote, wa kulia au wa kushoto. Watoto wa Tabora hawatashindwa kuelewa maana ya kizibao kile. Mababu zao walikuwa wapagazi mashuhuri, waliobeba mizigo kwa miguu baina ya hapa na pwani. Aliyezoea kutembea na mzigo hujiona mwepesi anapoutua.

Mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, alishika nafasi ya nne. Hakurudi nyumbani na medali. Alirudi mazoezini kwa miaka miwili.

Tarehe 2 Septemba 1972 alisimama katika fainali ya Michezo ya Olimpiki mjini Munich. Alipangiwa njia ya kwanza, iliyo ndani kabisa, ambayo kona zake ni kali kuliko za njia nyingine zote. Miongoni mwa wapinzani wake alikuwamo David Hemery wa Uingereza, bingwa wa mwaka 1968 na mwenye rekodi ya dunia ya sekunde 48.12. Akii-Bua alimaliza kwa sekunde 47.82. Ralph Mann wa Marekani alifuata kwa 48.51, na Hemery kwa 48.52. Alikuwa mtu wa kwanza duniani kukimbia mbio hizo chini ya sekunde 48, na medali yake ndiyo ya kwanza ya dhahabu kwa Uganda katika Olimpiki. Baada ya kuvuka utepe hakusimama. Aliendelea kuuzunguka uwanja kwa furaha, huku watazamaji wakimshangilia.

Hapa mwalimu awatoe watoto nje. Wachore kwa majivu nusu duara mbili, moja ndani ya nyingine, kisha wazipime kwa kamba. Wataona kwamba njia ya nje ni ndefu zaidi, na kwamba ndiyo sababu mkimbiaji wa nje huanzia mbele. Halafu wakimbie wote katika njia ya ndani. Miguu yao itawafundisha ugumu wa kona kabla ya maneno yetu.

Wanachuo wengi huishia hapo. Lakini mwaka 1972 Uganda ilikuwa tayari chini ya Idi Amin, aliyetwaa madaraka Januari 1971. Serikali yake ilimtukuza Akii-Bua, na wakati huo huo ikawaua Walango na Waacholi wengi. Bingwa aliyepambwa na serikali alikuwa mmoja wa watu waliokuwa wakiangamizwa nayo.

Mwaka 1976 Akii-Bua hakushiriki Olimpiki ya Montreal. Nchi nyingi za Afrika, Tanzania na Uganda zikiwamo, zilisusia michezo hiyo kwa sababu New Zealand, ambayo timu yake ya raga ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya ubaguzi, iliruhusiwa kushiriki. Filbert Bayi wetu naye alikosa nafasi hiyo. Edwin Moses wa Marekani alishinda na kuivunja rekodi ya Akii-Bua. Watoto wajadili: je, ilikuwa haki kuwaomba wanariadha watoe miaka yao bora kwa ajili ya uhuru wa wengine? Mwalimu asiwaharakishe kupata jibu moja.

Aprili 1979 majeshi ya Tanzania, pamoja na wapiganaji wa Uganda, yaliingia Kampala. Akii-Bua alikimbilia Kenya, akawekwa katika kambi ya wakimbizi. Baadaye kampuni ya viatu ya Puma ilimsaidia kwenda Ujerumani Magharibi. Alikimbia tena katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, lakini hakufika fainali.

Katika darasa la Tabora mtoto ambaye babu yake alipigana vita vya Kagera anaweza kuuliza kama mtu huyu alikuwa adui yetu. Mwalimu asilikwepe swali hilo. Aeleze kwamba vita ile ilikuwa dhidi ya utawala ulioivamia Kagera mwaka 1978, na kwamba Walango wengi walikuwa miongoni mwa waliopigana kuuondoa. Mtu aweza kuwa mtumishi wa serikali mbaya na mhanga wake pia.

Akii-Bua alirejea Uganda mwaka 1983, akarudi katika polisi na kufundisha riadha. Alifariki tarehe 20 Juni 1997 akiwa na umri wa miaka 47, akazikwa kwa heshima za taifa. Medali ya pili ya dhahabu ya Uganda ilipatikana mwaka 2012, miaka 40 baada ya ile yake, kwa miguu ya Stephen Kiprotich katika marathoni ya London.

Tunawashauri wanachuo wasimulie maisha haya kwa vipindi viwili: cha kwanza kiishie Munich, na cha pili kianzie hapo hapo. Darasani mwetu wamo watoto waliopangiwa njia ya kwanza: yatima, watoto wa wakimbizi, watoto wanaotembea mbali kuja shule. Tukiwaambia kwamba mwenye bidii hushinda na taabu zake zikaisha, watatuamini kwa muda mfupi tu. Tukiwaambia ukweli wote, watajua kwamba kona kali hukimbilika, na kwamba baada ya utepe bado kuna maisha ya kuishi.