Bill Lear: Ndege yake iliungua shambani, kumbe ndiyo iliyomwokoa

Juni 4, 1964, Learjet ya kwanza kabisa kutengenezwa ilijaribu kupaa mjini Wichita, Kansas, nchini Marekani, ikashindwa. Vibao vya juu ya mbawa, vile vinavyoivunjia ndege nguvu ya kupaa, vilikuwa vimeachwa wazi. Ndege ikaangukia shambani, ikashika moto. Waliokuwemo walitoka wazima, lakini ndege iliteketea.

Mwenye mali, William Powell Lear, alikuwa na miaka 61 na karibu kila senti yake ilikuwa imezama humo. Wengi wangesema basi, biashara imekufa. Kumbe ndege ilikuwa na bima, na wakati ule kampuni ilihitaji hela kuliko chuma. Tena aliyekuwa anaiendesha ni rubani wa mamlaka ya anga, aliyekuja kuikagua, kwa hiyo lawama haikuiangukia ndege. Ndege ya pili ilishaanza kuruka, majaribio yakaendelea, na Julai 31 mwaka huohuo cheti kikatoka.

Jamaa huyu hakuwa na shule ya maana. Alizaliwa mwaka 1902 Hannibal, Missouri, akaacha masomo baada ya darasa la nane. Alianza na redio, akashiriki kutengeneza redio za magari zilizoipa Motorola jina. Kisha akahamia kwenye vifaa vya ndege, na mtambo wake wa kuongoza ndege bila rubani kushika usukani ulimpa tuzo ya Collier ya mwaka 1949.

Angeweza kustaafu na kula maisha. Badala yake alipokuwa Uswisi aliona ndege ya kivita ya P-16, ambayo serikali ya huko ilifuta oda yake mwaka 1958 baada ya moja kuanguka ziwani. Wengine waliona mradi uliokufa, yeye aliona mbawa nzuri. Akataka ndege ndogo ya jeti, injini mbili, ya kubeba wakurugenzi wachache kwa kasi ya ndege kubwa za abiria. Bodi ya kampuni yake mwenyewe ilikataa. Mwaka 1962 akauza hisa zake, akahamishia kazi Wichita, na Oktoba 7, 1963 Learjet 23 ikaruka.

Ndani ilikuwa finyu kwelikweli, mtu mzima hasimami wima. Waliolalamika aliwajibu kwamba hata kwenye Cadillac hakuna anayesimama. Lakini ilikimbia, na wenye pesa waliipenda. Frank Sinatra alinunua yake mwaka 1965.

Si kila kitu kilikuwa shwari. Marubani wengi walitoka kwenye ndege za panga boi, na jeti hii haikusamehe uzembe, ndiyo maana ajali za miaka ya mwanzo zilikuwa nyingi. Hela nazo zikakata tena. Mwaka 1967 Lear aliiuza kampuni kwa Gates Rubber, watengenezaji wa bidhaa za mpira.

Hakutulia. Alipoteza mamilioni akitafuta injini ya mvuke ya magari na mabasi, kisha akarudi kwenye ndege: Lear Fan, injini mbili zikizungusha panga boi moja mkiani. Saratani ya damu ilimwondoa Mei 14, 1978 huko Reno, Nevada, ndege ikiwa haijakamilika.

Mkewe, Moya, ndiye aliyesukuma kazi iendelee. Serikali ya Uingereza ilichangia fedha kwa sharti kwamba ndege iruke kabla mwaka 1980 haujaisha. Ikaruka Januari 1, 1981, na maofisa wakaandika kwamba imeruka Desemba 32, 1980. Mradi ulifungwa mwaka 1985 bila kuuza hata ndege moja. Learjet zenyewe ziliendelea kutoka Wichita hadi mwaka 2022.