Daktari Barnardo na Watoto wa Barabarani

Mara hii tunawaletea maisha ya mtumishi mmoja wa zamani, Thomas John Barnardo.

Alizaliwa Dublin, Ireland, tarehe 4 Julai 1845. Akaokoka mwaka 1862 akiwa kijana, na moyo wake ukatamani kwenda China kuhubiri. Mwaka 1866 alifika London asome udaktari kwanza. Mwaka huo huo kipindupindu kikaingia upande wa mashariki wa mji ule, kikaua maelfu katika mitaa ya maskini. Barnardo akaona watoto waliobaki bila mtu, akafungua shule ndogo kwa ajili yao. China hakufika kamwe.

Jioni moja wanafunzi walipoondoka, mtoto aitwaye Jim Jarvis hakutaka kutoka. Barnardo akamhimiza arudi nyumbani. Kumbe hana nyumba, hana baba wala mama. Usiku ule mtoto akamwongoza mpaka mahali ambapo wavulana 11 walikuwa wamelala juu ya paa katika baridi, bila blanketi. Ndugu msomaji, angalia vizuri: aliyemfungua macho huyu msomi hakuwa profesa, alikuwa mtoto wa barabarani asiyewasahau wenzake.

Sisi tuliokaa Gihosha hayo si mageni. Pale Bujumbura, vita vilivyoanza mwaka 1993 viliwatupa watoto wengi barabarani. Watu huwaita mayibobo na kushika mifuko yao wanapopita. Lakini wanalala pamoja kwenye baraza za maduka juu ya maboksi, wanagawana kipande cha mkate, na mmoja akifa wenzake ndio wanaolia, maana hana jamaa wa kumwekea matanga. Kilio chao hakina hema wala viti, na hakuna anayekuja kuwapa pole. Sisi wakimbizi tuliozika watu wetu njiani tunajua uchungu huo.

Mwaka 1870 Barnardo alifungua nyumba ya wavulana mtaa wa Stepney. Usiku alikuwa akizunguka mwenyewe kuwatafuta. Siku moja mtoto wa miaka 11, John Somers, ambaye wenzake walimwita Karoti kwa ajili ya nywele zake nyekundu, aliomba kupokelewa. Vitanda vilikuwa vimejaa, akaambiwa angoje siku chache. Inasimuliwa kwamba baada ya siku mbili watu waligusa pipa kubwa, na ndani yake walikuwamo watoto wawili waliojikunyata pamoja. Mmoja akaamka akakimbia. Karoti hakuamka, njaa na baridi vilikuwa vimemmaliza. Yule aliyekimbia jina lake halikuandikwa, nasi tumemfikiria sana, jinsi alivyolala usiku kucha karibu na rafiki aliyekwisha kufa.

Barnardo aliumia mno. Tangu hapo akaweka tangazo mlangoni kwamba hakuna mtoto mhitaji atakayekataliwa. Tangazo hilo lilimletea madeni mpaka kufa kwake.

Hakuwa malaika. Alijiita daktari kabla ya kupata cheti, na picha za watoto alizouza zilipangwa ili kuonyesha umaskini kupita ulivyokuwa. Mambo hayo yaliletwa mbele ya waamuzi mwaka 1877. Tena alipeleka maelfu ya watoto Canada, wengine bila wazazi wao kukubali. Kwetu, tuliotenganishwa na watoto wetu, hilo ni kosa zito, hata kama nia ilikuwa njema.

Msiba aliujua pia nyumbani mwake. Yeye na mkewe Syrie, waliyeoana mwaka 1873, walipata watoto 7, na 3 kati yao walifariki wakiwa wadogo.

Alikufa tarehe 19 Septemba 1905. Nyumba zake zilikuwa 96, na watoto wapatao 8,500. Hata Nairobi, miaka ya 1960, palikuwa na nyumba ya watoto yenye jina lake. Siku ya maziko yake, wavulana wa nyumba zake walitembea barabarani wakifuata jeneza, katika mitaa ile ile walimokuwa wakilala zamani.