Henri Matisse: Karibu miaka 14 baada ya upasuaji wa utumbo

Kama daktari amekuambia kwamba utumbo wako mpana uondolewe kwa sababu ya kolaitisi ya vidonda, huenda kinachokukosesha usingizi si kisu chenyewe. Ni yatakayofuata. Je, utarudi kazini? Utasafiri? Watu watakuonaje? Kabla ya maelezo ya kitabibu, soma kwanza habari za mtu mmoja aliyepita njia inayofanana na yako.

Henri Matisse alizaliwa kaskazini mwa Ufaransa tarehe 31 Desemba 1869. Leo anahesabiwa miongoni mwa wachoraji wakubwa wa karne ya 20, lakini ujanani alisomea sheria na kufanya kazi ya ukarani katika ofisi ya wakili. Alipokuwa na miaka 20 hivi aliugua tumbo (wengi husema kilikuwa kidole tumbo) akalazimika kulala kitandani kwa muda mrefu. Mama yake akamletea rangi ili asichoke kwa upweke. Kazi ya sheria ikaishia hapo. Unaona, tumbo lilishambadilishia maisha mara moja kabla hatujafika kwenye habari yetu.

Mara ya pili ilikuwa Januari 1941. Alikuwa na miaka 71, nchi yake imeshindwa vitani, naye ana saratani ya utumbo. Ugonjwa wake si wako: kolaitisi ya vidonda si saratani, na upasuaji wa siku hizi una dawa na vifaa ambavyo yeye hakuvipata. Alipasuliwa katika mji wa Lyon. Baadaye donge la damu likaenda kwenye mapafu, na waliokuwa karibu naye walidhani hatapona. Inasimuliwa kwamba aliwaomba madaktari wampatie miaka mitatu au minne tu, amalize kazi zake. Masista waliomuuguza walimtania kwa kumwita mfufuka.

Alipona, ila hakurudi kuwa yule wa zamani. Jambo hili tunalisema wazi kwa sababu wagonjwa wengi huambiwa tu kwamba mambo yatakuwa sawa. Ukuta wa tumbo lake ulibaki dhaifu. Hakuweza kusimama kwa muda mrefu mbele ya turubai, na kwa mchoraji wa aina yake hilo lilikuwa pigo kubwa. Siku nyingi alizimaliza kitandani au kwenye kiti cha magurudumu, na usiku alikosa usingizi.

Basi akabadilisha namna ya kufanya kazi. Wasaidizi walipaka karatasi rangi nzito za maji, yeye akazikata kwa mkasi akiwa ameketi au amelala, kisha wao wakazibandika ukutani na kuzisogeza kama alivyoelekeza. Alipotaka kuchora ukutani bila kuinuka, alifunga kipande cha mkaa kwenye ncha ya ufito mrefu. Kitabu chake cha picha za karatasi, Jazz, kilitoka mwaka 1947. Aliyemsaidia kwa miaka mingi ni Lydia Delectorskaya, ambaye pia alikuwa akikaa mbele yake ili achorwe.

Angalia hapo: hakujilazimisha kusimama ili aonekane amepona, wala hakuona haya kusaidiwa. Kwako wewe msaada huo unaweza kuwa mwenzako wa kazini anayekubebea mzigo mzito katika wiki za kwanza, au muuguzi anayekufundisha kubadilisha mfuko. Baada ya utumbo mpana na puru kuondolewa, kinyesi hupita kwenye tundu la tumboni liitwalo stoma na kuingia katika mfuko. Kwa baadhi ya watu, daktari hutengeneza kifuko cha ndani kutokana na utumbo mwembamba. Vyovyote iwavyo, mwili hupoteza maji na chumvi zaidi kuliko zamani, kwa hiyo muulize daktari unywe nini na kiasi gani, hasa wakati wa joto au ukiharisha. Na mweleze kazi yako halisi kabla ya upasuaji, kwa kuwa mahali pa kuweka stoma huchaguliwa kwa kuangalia jinsi unavyoinama, unavyoketi na unavyofunga mkanda.

Turudi kwa Matisse. Mwaka 1942 aliajiri muuguzi wa usiku, binti aitwaye Monique Bourgeois. Baadaye binti huyo akawa mtawa, na urafiki wao ndio uliozaa kikanisa cha Vence. Matisse alikishughulikia kuanzia 1948 hadi 1951: vioo vya rangi, michoro ya vigae, hata mavazi ya padri. Siku kilipobarikiwa, Juni 1951, afya haikumruhusu kuhudhuria.

Aliendelea kukata karatasi. Mwaka 1953 alitengeneza picha ya konokono yenye karibu mita tatu kila upande, yeye akiwa amekaa na wasaidizi wakipigilia vipande vya rangi ukutani. Picha hiyo sasa iko London, katika jumba la Tate. Moyo wake ulisimama huko Nice tarehe 3 Novemba 1954, akiwa na miaka 84.